Sahani ya Mgeni

Stacy alikula kwanza. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ya Ernestine, ghorofa ya pili, upande wa Frogtown ambako treni inasikika ikipita University Avenue: hata kama umekuja kutangaza msiba, utaketi, utanawa, utawekewa sahani, na ukishamaliza ndipo utaulizwa kilichokuleta. Msichana alikaa bila kuvua koti. Alimega fufu vipande vidogo vidogo kama mtu anayevuta muda, na Ernestine, aliyesimama kando ya jiko na mwiko mkononi, akajua kwa namna ile ya kutafuna kwamba habari si njema.

"Auntie, ile refund yenu imekwama," Stacy alisema mwishowe. "Haitakuja mwezi huu."

"Imekwama wapi?" aliuliza Bahizire, mume wa Ernestine.

"Washington. Serikali imefungwa, Uncle. Tangu kabla ya Krismasi."

Bahizire aliweka glasi chini taratibu. "Imefungwa? Nani ameipindua?"

"Hakuna mtu ameipindua. Wamekosana tu juu ya bajeti. Kuna pesa za ukuta, hawa wanataka, wale hawataki. So mpaka wakubaliane, ofisi nyingi hazifungui."

"Rais yuko?"

"Yuko."

"Na bunge liko?"

"Liko."

"Askari wako barabarani?"

"Dad, oh my God," alisema binti yao Rachelle kutoka kwenye kochi, bila kuinua macho kwenye simu. "It's not like that."

"Wacha niulize, mimi ni mgeni." Bahizire alimgeukia tena Stacy. "Hao wabunge wenye kukosana, sasa hivi wanalipwa?"

Stacy alifuta vidole kwa karatasi, kimoja kimoja. "Wao wanalipwa."

Bahizire alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Kabla ya kambi ya wakimbizi na kabla ya ndege iliyowaleta Minnesota, alikuwa mwalimu Bukavu. "Kule kwetu nilifundisha serikali hainilipi, na nilijua hainilipi. Sikuuza hata kuku juu ya neno lake. Hapa ndipo nimeuza gari."

Ilikuwa kweli. Shirika la maendeleo ya mtaa alikofanya kazi Stacy lilikuwa na mpango wa kuwasaidia watu wafungue biashara ndogo kwenye barabara ile. Fedha zilitoka serikali kuu, zikapita mikono mingi, na mwishoni zilikuwa na sharti moja: mtu anunue kwanza kifaa kwa fedha zake mwenyewe, alete risiti, ndipo arudishiwe. Ernestine alikuwa amekodi chumba kilichowahi kuwa duka la supu ya tambi. Jiko lilikuwamo. Kilichokosekana ni mtambo wa kuvuta moshi juu ya jiko, ule wa bati zito linalong'aa, ambao bila huo hakuna mkaguzi anayetia sahihi wala leseni inayotoka. Wakauza gari lao la Sienna, wakanunua mtambo. Fedha zikirudi, watamlipa fundi aufunge. Mwenye nyumba alikuwa amewapa mpaka mwisho wa Januari wawe wamefungua mlango, la sivyo chumba kinakwenda kwa mwingine.

Mtambo ulikuwa ndani ya boksi lake, sakafuni, katika chumba kisicho na wateja.

"Watafungua tu, Auntie," alisema Stacy. Macho yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, na yeye ndiye aliyemtafuta Ernestine kanisani, akaionja sombe yake ya majani ya muhogo kwenye karamu ya ubatizo, akamwambia chakula hiki kinastahili kuwa na mlango wake barabarani. "This is America. Hawawezi kuacha watu hivi."

Ernestine alimwongezea samaki.

*

Kwa kuwa gari halikuwapo, asubuhi za Januari zilikuwa za Mzee Elkanah. Huyu alikuwa baba yake Stacy, Mkenya aliyeishi Minnesota tangu enzi ambazo, kwa maneno yake, ukisikia mtu anaongea Kiswahili dukani ulimkumbatia. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Roseville. Bahizire alisafisha sakafu katika jumba kubwa la maduka, Ernestine alikunja mashuka ya hoteli karibu na hapo, kwa hiyo njia ilikuwa moja. Elkanah hakudai senti. Alidai kusikilizwa.

Siku ya kwanza walikuta ametandika mifuko ya plastiki chini, pale wanapoweka miguu.

"Ni hii chumvi ya barabarani," alieleza. "Inakula carpet. Msijisikie vibaya."

Ernestine aliangalia mbele. Viatu vya Elkanah mwenyewe vilikuwa vyeupe kwa chumvi ileile, na chini yake hapakuwa na plastiki.

"Mimi nilimwambia Stacy," Elkanah aliendelea, akitoa barafu kwenye kioo kwa wiper zinazokwaruza. "Nilimwambia, usiwakimbize hawa watu. Mtu mpya anapewa kazi, hapewi biashara. Biashara ni ya nini? Mama Rachelle, Margaret wangu anaweza kukutafutia course ya kuhudumia wazee. Wiki chache tu. Mzee wa Kizungu atazeeka Washington ifungwe, isifungwe."

"Asante, Mzee," alisema Bahizire.

"Na wewe ndugu yangu, kuuza gari. Kwa winter hii. Mtu hukaa chini na bibi yake, wanaongea, halafu mwanaume anasema hapana."

"Tuliongea."

"Na ukasema ndiyo."

"Nilisema ndiyo."

Elkanah alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyeshiba. Ernestine, kwenye kiti cha nyuma, alisikia plastiki ikilia chini ya viatu vyake kila alipojaribu kukaa vizuri, kwa hiyo akaacha kujaribu. Alikaa vilevile mpaka Roseville, miguu imekufa ganzi, kama mzigo ambao hautakiwi kumwagika.

*

Mwenye nyumba aliitwa Cyrus. Naye alikuwa mtu wa kutoka kwao Elkanah, na Ernestine alipomwona mara ya kwanza alimshukuru Mungu kwamba atapanga kwa mtu atakayemwelewa. Sasa alijua kwamba kueleweka nako kuna ubaya wake. Mzungu angemfukuza kwa barua. Cyrus alikuja mwenyewe, akasimama katikati ya chumba, akamwita dada yangu.

Hakuja peke yake. Kijana mmoja alikuwa akipima kuta kwa futi ya chuma.

"Usijali huyu," alisema Cyrus. "Anataka tu kuona kama rafu za simu zitaenea. Just in case."

"Tulikubaliana mwisho wa mwezi."

"Na mimi nimesema nini? Mwisho wa mwezi. Sijakukimbiza, dada yangu." Aligonga boksi la mtambo kwa ncha ya kiatu. "Lakini hiki kitu kinaenda juu, hakiendi chini. Kwa sakafu hakivuti moshi."

"Serikali ikifunguliwa watanirudishia. Stacy amesema."

"Stacy ni mtoto mzuri sana." Cyrus alisema hivyo kwa namna ambayo watu humsifu mtoto anayekariri mashairi. "Serikali inaweza kufungwa. Benki yangu haifungwi. Mimi nikiiambia benki ingoje Washington, watanicheka kwa simu."

Kijana wa futi alimwomba Ernestine asogee kidogo, anataka kupima pale aliposimama. Akasogea.

*

Wiki ya tatu ya Januari, Stacy alipiga simu na sauti yake ilikuwa na uhai.

"Auntie, kuna good news kidogo. Kuna mheshimiwa anazunguka na watu wa habari, anataka kuona biashara zilizoumizwa na hii shutdown. Director wetu amechagua yako."

"Anakuja na fedha?"

"Hapana. Lakini watu wakiona, wakijua, inaleta pressure. Ndivyo mambo yanabadilika."

"Watakuwa wangapi?"

"Kama wanane hivi. Lakini Auntie, usipike, sawa? Kweli kabisa, usijisumbue."

Ernestine alitabasamu kwenye simu. Mgeni gani amewahi kusema apikiwe? Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alikuwa akishuka kwenye gari la mizigo kutoka kijijini na njaa ya siku nzima, na neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa hilohilo, msijisumbue. Ukimsikiliza, utasemwa mpaka kufa. Tena wageni hawa walikuwa wakubwa, na kile kilikuwa chumba ambacho hakijawahi kumpokea mtu. Chumba hakianzi maisha yake kwa watu kuingia na kutoka midomo mitupu.

"Nimesikia," alisema.

Alinunua majani ya muhogo yaliyogandishwa katika duka la Wahmong, wale watu wa Asia, pale barabarani, akatoa samaki aliokuwa amewaweka kwa ajili ya ufunguzi, na mafuta ya mawese ambayo dada mmoja wa kanisani alimletea kutoka Kampala. Angepika nyumbani, lakini nyumbani hakuna gari, na sufuria ya sombe haipandi treni kwenye baridi ambayo pumzi inaganda kwenye kope. Basi akapikia palepale dukani. Aliwasha jiko kwa mara ya kwanza, akafungua dirisha la nyuma moshi utoke. Bahizire alikuja amevaa tai. Rachelle alipanga sahani nane nyeupe juu ya boksi la mtambo, akalifunika kwanza kwa kitambaa cha kitenge ili lisionekane kama boksi.

Wageni waliingia wakikung'uta theluji. Mheshimiwa alimshika Ernestine mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia muda mrefu, huku akimwangalia mpiga picha. Mkurugenzi wa shirika, mama mrefu mwenye skafu ya rangi ya chungwa, aliona sufuria na uso wake ukabadilika. Akamnong'oneza Stacy. Stacy akaangalia sakafu.

"It smells amazing," alisema mheshimiwa.

"Karibuni mezani," alisema Ernestine, na alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno ya Kiingereza: "Please. Eat. You are welcome."

Akapakua. Kila sahani kilima kidogo cha fufu, sombe pembeni, kipande cha samaki, na wali kwa yule asiyejua fufu. Akawapa mmoja mmoja kwa mikono miwili. Walizipokea. Wakasimama nazo. Mtu mmoja aliiweka yake dirishani kwa upole kana kwamba anaiacha ipoe, na hakuirudia tena.

Mpiga picha alitaka Ernestine ashike mwiko juu ya sufuria na mheshimiwa asimame karibu na kijiko mdomoni. Mheshimiwa akainua kijiko. Ernestine aliona sombe yake ikifika kwenye mdomo ule, karibu kabisa, ikangoja pale mpaka kamera ilipomaliza, kisha ikarudishwa kwenye sahani.

"Anasema usitabasamu," Rachelle alimtafsiria mama yake. "Ati hii ni habari ya huzuni."

Ernestine akaacha kutabasamu. Wakampiga nyingine. Kisha mkurugenzi akasema lingekuwa jambo zuri kupata moja ya tabasamu pia, kwa ajili ya ofisi, na Ernestine akatabasamu. Mheshimiwa alizungumza na kamera kuhusu familia zinazohangaika, akatumia neno hero, akageuka na kumgusa Ernestine begani alipolitaja. Nje magari yao yalikuwa yanaunguruma, hayakuwa yamezimwa.

Walipoondoka, Stacy alibaki nyuma mlangoni. "Auntie, nilikuambia usipike."

"Uliniambia usijisumbue."

"I know. I know." Alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Sahani yake, nayo, ilikuwa imejaa.

Ernestine alikusanya vyombo. Fufu ilikuwa imeanza kukauka ngozi juu. Katika sahani moja mtu alikuwa amekunja karatasi ya kufutia mikono na kuikandamiza katikati ya sombe, kama mtu anavyozima sigara. Ile aliimwaga. Bahizire aliinua sahani ya mheshimiwa, akalegeza tai, akala amesimama, mpaka ikaisha.

*

Serikali ilifunguliwa siku ya Ijumaa. Habari ilifika kanisani kabla ya ibada ya jioni, na mchungaji akaitangaza pamoja na matangazo ya harusi. Bahizire aliwaambia wazee wenzake kwamba kumbe kuna nchi ambako serikali inaanguka na inasimama bila risasi hata moja, tuipe heshima yake. Watu wakacheka. Ernestine alimpigia fundi usiku uleule. Fundi akasema akipata fedha Jumanne, Jumatano atapanda juu.

Jumatatu waliitwa ofisini. Walikwenda wakiwa wamevaa vizuri.

Chumba cha mkurugenzi kilikuwa na joto la kuvua makoti. Ukutani, kubwa kama mlango, ilikuwa picha ya Ernestine akitabasamu juu ya sufuria. Walikuwa wameshaitengeneza. Mvuke wa sombe ulikuwa unapanda mbele ya uso wake, na chini yake maneno yaliyosema, kwa tafsiri ya Rachelle, moyo wa barabara yetu.

Mkurugenzi alizungumza muda mrefu, mikono yake ikifunguka na kufungika. Stacy alikaa pembeni. Mkurugenzi alipomaliza, wote walimwangalia Rachelle.

"Anasema wanakupenda sana," alisema Rachelle.

"Hakusema hayo peke yake," alisema Bahizire. "Sema yote."

Rachelle alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole. "Anasema ile picha inaonyesha jiko limewashwa. Mulipika kabla ya license, mbele ya watu. Hizi ni pesa za serikali kuu, na serikali ikitoka kufungwa inakagua sana. Wakiona, shirika linaweza kupoteza pesa za watu wote. So, kwa usalama wa mpango, wamekutoa. Unaweza ku-apply tena mwaka ujao. Kama bajeti itapita."

Ernestine alisikia kila neno na hakulielewa hata moja, halafu akayaelewa yote kwa pamoja.

"Muulize, nilimpikia nani."

"Mom."

"Muulize."

Rachelle akauliza, sauti ndogo. Mkurugenzi akaweka mkono kifuani, akajibu kwa huzuni ya kweli kabisa, na huzuni ile ndiyo ilimchefua Ernestine kuliko yote.

"Anasema ulikatazwa kupika. Anasema Stacy alikuambia."

Ilikuwa kweli, na hapakuwa na pa kuishika ili kuipinga. Bahizire alianza kusema kitu kwa Kifaransa, akaacha. Ndipo Rachelle, ambaye hakuwa ametumwa na mtu, akamgeukia mkurugenzi kwa Kiingereza chake cha shule: "That's what you're supposed to say. Guests always say that. And then you cook. She couldn't not cook."

Mkurugenzi alimsikiliza kwa makini. Akasema kwamba hilo ni jambo zuri sana, na kwamba angependa siku moja kujifunza zaidi juu ya utamaduni wao. Kisha akaangalia saa.

"Na picha?" Ernestine alimuuliza Stacy kwa Kiswahili, wakiwa mlangoni. "Mimi nimetoka, picha imebaki?"

Stacy alikuwa amekunja mikono kama mtu anayesikia baridi katika chumba kile cha moto. "Nitaongea nao, Auntie."

*

Baridi iliyokuja wiki ile ilifunga shule. Redio ilionya watu wasitoke nje, ngozi inaungua kwa dakika chache. Cyrus hakutoka, alimtuma kijana wa futi kuchukua ufunguo. Mtambo ulirudishwa nyumbani kwa gari la Elkanah, viti vimelazwa, plastiki imetandikwa kila mahali. Duka walikonunua halikukubali kuupokea tena. Ukawekwa kati ya kochi na dirisha, ndani ya boksi lake. Wakautandikia kitambaa kilekile cha kitenge. Rachelle akaanza kufanyia hapo kazi zake za shule.

Chumba cha University Avenue kikawa duka la simu. Ernestine alikiona kila siku, kwa kuwa sasa alipanda treni. Alianza pia lile somo la kuhudumia wazee. Margaret alimtafutia nafasi, na Elkanah akawa mtu mwenye furaha.

Mwezi wa Aprili, theluji imekuwa tope, Stacy alibisha hodi.

Ilikuwa jioni, saa ya kula. Sufuria ilikuwa motoni, sombe imeiva, mafuta ya mawese yamepanda juu, na harufu imejaa mpaka ngazini. Stacy alipoingia alivuta pumzi bila kujua, kama mtu yeyote ambaye ametoka kazini na hajala. Bahizire alimpa kiti. Rachelle akahamisha vitabu kutoka juu ya boksi.

Kwa mazoea, mkono wa Ernestine ulikuwa umeshafungua kabati na kutoa sahani nne.

"Sitakaa sana, Auntie," alisema Stacy. "Msijisumbue."

Ernestine aliangalia sahani zilizokuwa mkononi. Akaziweka kando ya sinki. Akafunika sufuria, akapunguza moto, akaja kukaa. Akaweka mikono mapajani.

"Sema," alisema.

Stacy alimwangalia Bahizire, akamwangalia Rachelle. Katika nyumba hii hakuwahi kuambiwa aseme kabla ya kunawa.

"Ni ile dinner ya mwaka," alianza. "Ya kuwashukuru wafadhili. Wameniomba nikuulize kama unaweza kuja. Usimame tu karibu na picha yako, watu wakusalimie. Watatuma gari." Alivuta kola yake. "Mheshimiwa atakuwepo. Bado anaongea juu ya chakula chako. Anaambia watu kilikuwa kitamu sana."

"Alikionja?"

Treni ilipita nje. Stacy alingoja ipite.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa pale. Hakuonja."

"Na wewe?"

"Director alisema tusiguse. Ati insurance." Aliangalia viatu vyake. "Na mimi nilikuwa nimeshakula hapa mara ngapi, Auntie. Nilikuwa najua. Nilishika sahani tu."

Ernestine alimwonea huruma, alikuwa mtoto wa watu, kola imekaa vibaya, viatu vimelowa. Katika shirika lote lile ni yeye peke yake aliyepanda ngazi hizi. Wale wa Washington hawatafika. Mheshimiwa hatafika. Wote waliokosana juu ya ukuta wao wakaendelea kulipwa hawatakaa kamwe kwenye kiti kile wasikie sufuria ikitokota nyuma yao bila kuambiwa karibu. Amekuja huyu. Mtu anayekuja ndiye anayepata adhabu yao.

Mfuniko ulicheza kidogo juu ya mvuke. Bahizire alikohoa. Rachelle alimwangalia mama yake, akaangalia jiko, akamwangalia tena. Watu wanne walikaa, na chakula kiko tayari, na hakuna aliyeinuka.

Stacy alielewa. Aliinuka polepole, akafunga koti. "Nitawaambia huwezi," alisema.

"Waambie sina leseni."

Bahizire alimsindikiza mpaka chini, kwa kuwa hilo angalau hakukatazwa. Alipopanda tena alifunga mlango na kusimama hapo.

"Hata maji, Mama Rachelle," alisema. "Hata maji hukumupa."

Ernestine alipakua. Fufu ilikuwa imekaza kwa kungoja, akaikanda upya kwa maji ya moto. Waliketi, wakaomba, wakala. Sahani ya nne ilikuwa bado kando ya sinki, kavu, safi.

"Mama," alisema Rachelle, kwa Kiswahili, bila kuulizwa. "Alikuwa na njaa."

"Najua," alisema Ernestine.

Walipomaliza alikusanya vyombo, akafungulia maji, akaviosha kimoja kimoja. Na ile ambayo hakuna aliyeitumia, akaiosha pia.